Jaribio linafanyika Goma, fomu inataja sheria za Marekani: ni sheria ya nani inayomlinda mshiriki?

#1 Mwalimu_Katindo (Goma)
Habari zenu wana jukwaa. Mdogo wangu amealikwa kushiriki katika jaribio la kitabibu la dawa ambayo bado haijaidhinishwa popote, naye akaniletea fomu ya ridhaa nimsomee, kwa kuwa ni kurasa kumi na sita za Kifaransa kizito. Sitataja dawa wala kituo. Ukurasa wa tisa unaeleza kwamba maofisa wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, yaani FDA, wanaweza kulifungua faili lake la matibabu. Ukurasa wa kumi na moja unasema sampuli za damu yake zinaweza kuhifadhiwa nje ya nchi. Kuhusu fidia endapo atadhurika, kuna mistari mitatu tu.

Swali langu ni hili: mgonjwa ni Mkongomani, muuguzi ni Mkongomani, kituo kiko hapa hapa mjini, kwa nini mkaguzi awe Mmarekani? Na ikiwa sheria ya Marekani imeweza kufika mpaka kwenye faili la mdogo wangu, je, mahakama za Marekani nazo zitamfikia siku akidhurika?

#2 Mfamasia_Ibanda (Bukavu)
Salamu, Mwalimu. Jibu la swali la kwanza ni soko. Kampuni inayotaka kuuza dawa Marekani inaweza kufanya majaribio yake katika nchi nyingine, na FDA itayapokea matokeo kwa masharti mawili makubwa: jaribio liwe limefuata kanuni za utendaji bora wa kitabibu, na FDA iweze kwenda kuhakiki mahali penyewe ikiona haja. Kanuni hiyo ilianza kutumika Oktoba 2008, nayo iliondoa rejeo la Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili wa Chama cha Madaktari Duniani, lililokuwapo kabla. Ulaya wana yao, Kanuni namba 536 ya mwaka 2014, iliyoanza kutekelezwa tarehe 31 Januari 2022, inayodai kwamba jaribio la nje likitumiwa kuombea kibali kwao, liwe limeendeshwa kwa misingi inayolingana na ya kwao.

Kwa hiyo ule ukurasa wa tisa haukuandikwa kwa ajili ya mdogo wako. Uliandikwa kwa ajili ya msomaji wa Maryland, yaliko makao ya FDA, atakayelipokea faili baada ya miaka mitatu au minne na kuuliza kama kweli mtu huyo yupo.

#3 Mama_Sifa (Goma)
Nakubaliana na Mfamasia, kwa sababu nilifanya kazi ya uuguzi katika jaribio moja na niliyaona kwa macho yangu. Ukikosea kuandika joto la mgonjwa, hufuti. Unapiga mstari mmoja ili kosa lionekane, unaandika thamani sahihi pembeni, kisha tarehe na sahihi yako. Wino mweupe wa kufutia ulikuwa marufuku hata kuingia chumbani. Chupa tupu za dawa zilihesabiwa, na siku moja nilikaripiwa mbele ya wenzangu kwa kutupa mbili kabla mfuatiliaji hajazihesabu.

Lakini mama mmoja aliponiuliza kama mtoto wake ataendelea kupata dawa hiyo jaribio likiisha, nilipekua kitabu chote cha taratibu na sikupata hata mstari. Chupa ilikuwa na utaratibu wake, tena mpaka baada ya kuisha. Mtoto hakuwa nao.

#4 Kijana_wa_Birere (Goma)
Mama Sifa, kumbe chupa tupu ilikuwa na heshima kuliko sisi wenye damu! Ila mnazunguka mbuyu. Mwaka 2007 Marekani iliweka vocha: ukipata kibali cha dawa ya ugonjwa wa nchi za joto uliosahaulika, unapewa hati ya kuharakishiwa ukaguzi wa dawa nyingine yoyote, hata iwe ya ugonjwa wa matajiri. Hati hiyo huuzwa. Mwaka 2014 kampuni ya Knight iliiuzia Gilead vocha yake kwa dola milioni 125, nayo ilikuwa imeipata kupitia dawa ya leishmania iliyokuwa ikitumika India tangu zamani. Desemba mwaka huo huo Ebola ikaongezwa katika orodha, na Merck ilipata vocha yake Desemba 2019 chanjo ya Ervebo ilipoidhinishwa.

Sasa niambieni, katika mamilioni hayo, Beni ilipata ngapi? Sisi tulipata ndoo ya kunawia mikono yenye kibandiko.

#5 Wakili_Lshi (Lubumbashi)
Salamu kutoka Lubumbashi. Ndugu Mfamasia ameeleza vizuri, lakini maelezo yake yanaanzia mwisho wa safari, wakati sheria inaanzia mwanzo, pale sanduku linapotoka ghalani. Sheria ya Marekani kuhusu kusafirisha nje dawa ambazo hazijaidhinishwa ilirekebishwa mwaka 1996, nayo ina orodha: Australia, Kanada, Israel, Japani, New Zealand, Uswisi, Afrika Kusini, pamoja na nchi za Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi. Dawa ya majaribio ikielekea katika nchi hizo, FDA haiombwi ruhusa. Afrika nzima, nchi ni moja. Ikielekea kwetu, ni lazima jaribio liwe chini ya kibali cha FDA cha kujaribia dawa mpya, au msafirishaji atoe uthibitisho kwa njia iliyowekwa na kanuni ya mwaka 2005. Kwa hiyo kama dawa imetengenezwa Marekani, inawezekana kabisa kwamba FDA imo ndani ya jaribio hilo tangu siku ya kwanza, hata kama kampuni haina mpango wa kuuza kidonge kimoja nchini kwao.

Iko njia ya tatu, nayo ni fedha. Utafiti ukilipwa na serikali ya Marekani, kanuni zake za kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti huifuata fedha hiyo popote iendako, na taasisi ya hapa inayoipokea hutia sahihi ahadi ya kuzitekeleza. Mwalimu, angalia ukurasa wa kwanza: nani ni mdhamini, na dawa inatoka wapi? Bila majibu hayo tunabahatisha.

Kuhusu mahakama, sipendi kukuvunja moyo. Familia za Kano, Nigeria, ziliishitaki Pfizer huko New York kwa jaribio la mwaka 1996, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ilikubali kesi isikilizwe, baadaye wakasuluhishana. Lakini Aprili 2013, katika kesi ya Kiobel, ambayo ilihusu mafuta na wala si dawa, Mahakama Kuu ya Marekani iliubana sana mlango ule waliopitia. Leo ningemwambia mteja wangu asiutegemee.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: kanuni za Marekani hazimlazimishi mdhamini kulipa fidia kwa anayedhurika. Zinamlazimisha kueleza tu kama ipo au haipo, pale hatari inapozidi ile ndogo ya kawaida. Mistari yako mitatu, Mwalimu, huenda inatosha kabisa kisheria kule. Ufaransa, kwa mfano, bima ni lazima.

#6 Mzee_wa_Himbi (Goma)
Wakili umeitaja Kano ukaipita haraka. Watoto 11 waliuawa na Trovan, dawa ya Pfizer, pale, na vijana wa leo hawajui. Ndiyo sababu sisi wazee tukisikia neno jaribio tunafunga mlango.

#7 Daktari_Mstaafu (Bukavu)
Shikamoo Mzee. Naomba kusahihisha, si kwa kuitetea kampuni. Watoto walikuwa 200, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. 100 walipewa Trovan na 100 walipewa ceftriaxone, dawa iliyokuwa ikijulikana. Waliokufa ni 11 kwa jumla: 5 upande wa Trovan na 6 upande wa pili. Lawama zilikuwa mbili, na zote ni nzito kuliko hesabu hiyo: kwamba wazazi hawakuelezwa kuwa hili ni jaribio, na kwamba dozi ya ile dawa ya kulinganishia ilipunguzwa. Mwaka 2009 Pfizer ilikubali kulipa dola milioni 75 katika suluhu na jimbo la Kano, bila kukiri kosa.

Ninalisisitiza hili kwa sababu tukisema watoto 11 waliuawa na dawa, mtu wa kampuni atatukosoa kwa sentensi moja na mjadala utaishia hapo, ilhali suala la ridhaa halina jibu jepesi.

Sasa niseme upande ambao uzi huu haujaugusa. Novemba 2018, katikati ya vita na mlipuko wa Ebola, lilianza jaribio lililopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, chini ya INRB, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa kitabibu, ya Profesa Muyembe, pamoja na NIAID, taasisi ya Marekani ya magonjwa ya kuambukiza, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa zilikuwa nne. Kulikuwa na bodi huru ya usalama iliyokuwa ikiyaona matokeo ambayo madaktari wenyewe hawakuruhusiwa kuyaona. Tarehe 9 Agosti 2019 bodi ile ilisema simamisheni, kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimezipita nyingine waziwazi. Kwa wagonjwa wote, pamoja na waliofika wakiwa mahututi, waliopewa ZMapp walikufa asilimia 49.7, waliopewa remdesivir asilimia 53.1, waliopewa mAb114 asilimia 35.1, na waliopewa REGN-EB3 asilimia 33.5. Tangu siku hiyo wagonjwa waliofuata wakapewa hizo mbili peke yake.

Bodi ya namna ile ni zao la kanuni hizo hizo za kigeni. Pasipo hiyo tungeendelea kugawa dawa nne mpaka hesabu itimie, na wangapi wangekufa wakingoja takwimu?

#8 Mama_Sifa (Goma)
Asante sana Daktari, na ninayajua hayo kwa sababu mwenzangu alikuwa Butembo. Lakini dawa ziko wapi? REGN-EB3 iliidhinishwa na FDA Oktoba 2020, mAb114 Desemba 2020, na Shirika la Afya Duniani likazipendekeza zote mbili Agosti 2022. Madaktari Wasio na Mipaka wamelalamika hadharani kwamba katika milipuko iliyofuata wagonjwa wengi hawakuzipata, na kwamba sehemu kubwa ya akiba iko Marekani kwa ajili ya usalama wa taifa lao. Jaribio lilifanyika kwetu, akiba ikawekwa kwao.

#9 Mtafiti_Nyawera (Bukavu)
Mama Sifa umegusa kidonda. Hiyo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kingamwili ikatengwa maabara za nje, na NIAID ikaipa leseni kampuni ya Ridgeback. Lakini tunazo silaha ambazo hatuzitumii. Nchi yetu ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, inayodai kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, na tungeweza kudai sehemu yetu. Kuhusu hataza, tuko ndani ya OAPI, shirika la mali ya akili lenye makao Yaoundé, kama nchi nyingine za Kifaransa, kwa hiyo tungeweza kuipinga hataza kupitia Yaoundé.

#10 Wakili_Lshi (Lubumbashi)
Ndugu Mtafiti, moyo wako ni mzuri lakini silaha zote mbili zina kasoro.

Kwanza, Nagoya haihusu rasilimali za kijenetiki za binadamu. Nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai walikwisha kuziweka kando kabla ya Itifaki kuzaliwa. Damu ya mtu wa Kikwit haimo. Kirusi chenyewe ni hoja nyingine, na ndiyo sababu Mkataba wa Magonjwa ya Mlipuko uliopitishwa Geneva Mei 2025 uliacha kiambatisho cha kugawana vimelea na faida zake kijadiliwe baadaye: hapo ndipo penye mvutano wote.

Pili, sisi si wanachama wa OAPI, wala wa ARIPO, shirika kama hilo la nchi za Kiingereza. Tuna sheria yetu ya mali ya viwanda ya tarehe 7 Januari 1982. Na zaidi ya hapo, kwa kuwa tumo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, Shirika la Biashara Duniani limetusamehe wajibu wa kulinda hataza za dawa mpaka tarehe 1 Januari 2033. Kwa maana hiyo hataza si kizuizi chetu kikubwa. Hata leo wakituachia fomula ya kingamwili ile, nani ana kiwanda cha kuizalisha? Msamaha tunao, tangi la kukuzia seli hatuna.

#11 Mtafiti_Nyawera (Bukavu)
Nimekubali kuhusu OAPI, nilichanganya. Kuhusu Nagoya bado sijaridhika, kwa sababu sampuli ya mgonjwa hubeba vyote viwili, binadamu na kirusi, na sijaona sheria inayoeleza mpaka uko wapi ndani ya chupa moja.

#12 Agenti_Mpaka_Mdogo (Goma)
Mnasoma mikataba ya Geneva, mimi nasoma makaratasi ya forodha, na naomba niseme kidogo, kwa kuwa sanduku lolote mnalolizungumzia linapita mikononi mwa watu kama mimi.

Dawa ya majaribio haina bei. Haijauzwa popote. Lakini ankara ya forodha ni lazima iwe na thamani, kwa hiyo mtumaji huandika kiasi fulani na kuongeza kwamba ni kwa ajili ya forodha tu. Afisa akiona dola 10 kwa chupa, anasema unaficha; akiona dola 4,000, anataka ushuru wake. Nilikwisha kukaa siku tano na sanduku moja kwa sababu ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilidai cheti cha usajili wa dawa. Nikawaeleza kwamba ingekuwa imesajiliwa isingekuwa inajaribiwa. Wakaniambia nirudi na barua. Barua ilipatikana Kinshasa, na ilifika barafu ikiwa imekwisha. Chanjo ya Ervebo, kwa mfano, hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, haingoji barua.

Kutoka nje nako kuna taabu yake. Sampuli inayoshukiwa kuwa na Ebola husafiri katika vifungashio vitatu, kimoja ndani ya kingine, chini ya namba UN 2814, na si kila ndege inakubali kuibeba. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, mzigo uliokuwa ukiruka moja kwa moja imebidi utafutiwe njia ya nchi kavu, na kila mpaka una muhuri wake. Sisi tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini sijaona bado fomu moja ya pamoja ya dawa ya majaribio.

Kwa maoni yangu, sheria iliyosimamisha majaribio mengi zaidi si ya FDA wala ya Brussels. Ni ile ya mtu aliyeshika muhuri saa tisa alasiri siku ya Ijumaa.

#13 Kijana_wa_Birere (Goma)
Agenti, ungelipakia kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, lingekuwa limeshafika.

#14 Mfamasia_Ibanda (Bukavu)
Kijana, barafu yake ingeyeyuka kabla ya mteremko wa kwanza.

Naomba kumjibu Mama Sifa na wote wanaosema sheria za nje hutuacha mikono mitupu. Kuna fexinidazole, vidonge vya ugonjwa wa malale. Jaribio kuu lilikuwa na wagonjwa 394, wengi wao hapa Kongo, na wengine Jamhuri ya Afrika ya Kati, likiendeshwa na DNDi, shirika lisilo la faida linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika. Ilipelekwa kwa Wakala wa Dawa wa Ulaya kwa njia ya pekee inayoitwa Kifungu cha 58, iliyowekwa kwa ajili ya dawa zitakazotumika nje ya Ulaya. Maoni mazuri yalitoka Novemba 2018, na mwezi uliofuata Kongo ikaisajili. Mgonjwa aliyekuwa akilazwa na kutundikiwa dripu sasa anameza vidonge siku kumi. Yaani ofisi ya Ulaya ilifanya ukaguzi wa dawa ambayo Mzungu hataihitaji kamwe, na tunda likaja kwetu.

#15 Kijana_wa_Birere (Goma)
Hilo nalikubali. Lakini nyuma ya DNDi palikuwa na wafadhili wasiotafuta faida. Umethibitisha hoja yangu: ukiondoa faida, dawa inafika.

#16 Daktari_Mstaafu (Bukavu)
Si rahisi hivyo, mwanangu. Sanofi, kampuni ya faida, ndiyo iliyoipeleka dawa ile mbele ya Wakala wa Ulaya.

#17 Dada_wa_Majengo (Goma)
Mimi nashangaa mnavyozungumza kana kwamba serikali yetu haipo. Mwaka 2019 chanjo ya pili ya Ebola, ile ya Johnson & Johnson, ilikataliwa na waziri wa afya wakati ule, Daktari Oly Ilunga, pamoja na shinikizo lote la nje, mpaka akajiuzulu mwezi wa saba kwa ajili hiyo. Ilianza kutolewa hapa Goma Novemba, katika maeneo ya afya ya Majengo na Kahembe, baada ya yeye kuondoka. Kwa hiyo mlango ulikuwa mikononi mwa Mkongomani: mmoja aliufunga, mwingine akaufungua. Leo tuna ACOREP ya kuidhinisha dawa na majaribio, na Kamati ya Kitaifa ya Maadili ya Afya. Mdogo wa Mwalimu analindwa, au anaachwa bila kulindwa, na hao kwanza.

Nami nilichanjwa pale Majengo. Dozi mbili zilikuwa zitenganishwe kwa siku 56. Kisha ikaja Covid, mipaka ikafungwa Machi 2020, na watu waliokuwa ng'ambo, Gisenyi nchini Rwanda, kwa biashara zao wakakwama huko na kadi zao mfukoni. Hakuna kifungu cha sheria kilichokuwa kimefikiria kwamba mshiriki wa Goma hulala nchi mbili.

#18 Mzee_wa_Himbi (Goma)
Dada, maelezo ni mazuri, lakini waziri hakujiuzulu kwa ajili ya chanjo peke yake. Uongozi wa riposti, yaani mapambano dhidi ya Ebola, ulikuwa umeondolewa mikononi mwake na kukabidhiwa kamati ya Profesa Muyembe, na barua yake ilieleza hilo pia. Nimesikia watu wengi wakimfanya shujaa wa chanjo, na wengine wakimfanya adui wa chanjo. Karatasi ilikuwa na mambo zaidi ya moja.

#19 Mama_Sifa (Goma)
Kuhusu kamati ya maadili, hata kanuni ya FDA aliyoitaja Mfamasia inadai kamati huru ipitie jaribio kwanza. Kwa hiyo sheria ya kigeni inaegemea ya kwetu, na ya kwetu inaegemea fedha za mdhamini anayelipia ada ya kupitiwa. Nani anamkagua mwenzake?

Na ukaguzi wenyewe, msidhani ni mwingi. Mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani alitoa ripoti mwaka 2010: asilimia 80 ya maombi ya dawa yaliyokubaliwa mwaka 2008 yalikuwa na takwimu za majaribio ya nje, lakini vituo vya nje vilivyokaguliwa na FDA vilikuwa asilimia 0.7. Katika miaka yangu yote nilimwona mfuatiliaji aliyelipwa na mdhamini kila mwezi. Mmarekani wa ukurasa wa tisa sikumwona hata mara moja.

#20 Daktari_Mstaafu (Bukavu)
Mama Sifa, hilo ni kweli, lakini hofu ya ukaguzi nayo ni ukaguzi. Usingekaripiwa kwa chupa mbili kama hakuna aliyeogopa.

Na liko jambo ambalo wanasheria hawalipimi. Katika jaribio la tecovirimat kwa wagonjwa wa mpox huko Tunda na Kole, washiriki 597, dawa haikufupisha ugonjwa. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024. Lakini waliokufa walikuwa asilimia 1.7 katika makundi yote mawili, wakati kwa kawaida nchini ni asilimia 3.6 au zaidi. Aliyepewa dawa na aliyepewa kidonge kitupu walipona sawa, kwa sababu wote walilazwa, wakalishwa na kuangaliwa. Je, hiyo ni kinga ya sheria, au ni kuwa na kitanda na muuguzi tu?

#21 Mtafiti_Nyawera (Bukavu)
Na kitanda na muuguzi vikiondoka je? Wakili alisema sheria hufuata fedha. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, na majaribio yaliyokuwa yakilipwa na USAID katika nchi mbalimbali yakasimama watu wakiwa na dawa ya majaribio mwilini. Mei mwaka huo NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, nayo ikasitisha utaratibu wa zamani wa taasisi zinazopewa ruzuku yake kuzipitishia fedha taasisi za nje. Kanuni za kimaadili zinakataza kumwacha mshiriki katikati ya njia, lakini sijaona sheria ya biashara au ya bajeti inayozitii.

#22 Mwalimu_Katindo (Goma)
Nawashukuru wote. Leo nimekwenda kituoni pamoja na mdogo wangu. Kwa Wakili: dawa imetengenezwa Marekani, na mdhamini ni kampuni, si serikali. Kwa Dada wa Majengo: muhuri wa kamati ya maadili upo na una namba. Kuhusu sampuli, wamesema zitakaa nje miaka kumi na tano, na mdogo wangu anaweza kukataa sehemu hiyo na bado akashiriki, jambo ambalo fomu inalisema kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho.

Nilipoomba kuona bima, daktari kijana, mwenye adabu kabisa, alitafuta katika mafaili matatu na kunitolea cheti. Kimeandikwa Kiingereza. Aliniambia kwa unyofu kwamba mimi ni wa kwanza kukiomba.

#23 Wakili_Lshi (Lubumbashi)
Mwalimu, usiishie kwenye jina la kampuni ya bima. Angalia nchi zinazotajwa, na tarehe ya mwisho.

#24 Mwalimu_Katindo (Goma)
Kongo imetajwa. Tarehe ya mwisho ni 31 Machi. Ratiba ya ziara za mdogo wangu inakwenda mpaka Septemba. Nimemwuliza daktari, naye amesema bima huhuishwa, ila anayehuisha hayuko hapa. Tumeondoka bila kutia sahihi; wametupa mpaka Jumatatu.

#25 Agenti_Mpaka_Mdogo (Goma)
Jumatatu omba pia nambari ya sanduku. Kama dawa yenyewe iko njiani, mna muda zaidi ya huo.